Pikapu, Litungu na Neno "Orijino": Utambuzi wa Pikapu Kongwe za Magitaa ya Umeme na Lugha ya Ushahidi katika Wilaya za Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko stendi ya Tarime au sokoni Mugumu akisikia sentensi (1) hapa chini, bila shaka atafikiria gari.

(1) Pikapu hii ni orijino. Koili yake haijawahi kuguswa.

Kwake yeye pikapu ni gari lenye sehemu ya wazi ya mizigo nyuma, na koili ni kifaa kinachozalisha umeme wa kuwashia cheche za plagi. Mpiga gitaa akisikia sentensi hiyo hiyo atafikiria kitu kinachoenea kiganjani: sumaku na waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, kilichofungwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme ili kubadili mtikisiko wake kuwa umeme. Upatanisho wa kisarufi hausaidii kutegua utata huu, kwa kuwa pikapu zote mbili ni nomino za ngeli ya 9/10. Neno koili, ambalo lingetarajiwa kuleta nuru, linaongeza giza, kwani gari lina koili na gitaa lina koili.

Hata hivyo, utata wa pikapu si mzito. Muktadha huutatua mara moja: aliyeshika bisibisi mbele ya gitaa hazungumzii gari. Utata mzito umo katika neno orijino, na muktadha hauutatui, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wanaweza kukubaliana kabisa kuhusu kitu kinachozungumziwa na bado wakatofautiana kuhusu kilichodaiwa. Tofauti hiyo ina gharama. Jozi ya pikapu zilizotengenezwa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 huuzwa leo kwa maelfu ya dola, ilhali nakala yake mpya, ambayo kwa macho hufanana nayo sana, huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Asiyejua kutofautisha anaweza kununua nakala kwa bei ya kongwe. Anaweza pia, na hili ndilo linalowahusu zaidi watu wenye magitaa ya zamani yaliyosahauliwa stoo, kumwachia mpita njia kitu cha thamani kwa bei ya chakavu.

Mhadhara huu unaeleza jinsi pikapu kongwe zinavyotambuliwa, kisha unachunguza iwapo Kiswahili kinayo maneno ya kueleza matokeo ya utambuzi huo bila kudai zaidi ya kilichoonekana. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo la mpakani, ambako vitu hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na maneno hupita pamoja navyo. Pili, ni eneo lenye ala yake kubwa ya nyuzi, litungu, ambayo inalifanya swali la uasilia kuwa gumu zaidi kuliko wanavyodhani wakusanyaji wa magitaa.

2.0 Litungu, nyatiti na gitaa

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na kituo cha Sirari kinatazamana na Isebania ng'ambo ya mpaka. Wakurya wanaishi pande zote mbili. Katika wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, Wakurya wanaishi pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na ofisini. Hadi mwaka 2007 eneo ambalo sasa ni wilaya ya Rorya lilikuwa sehemu ya Tarime. Kwa hiyo anayesoma maandishi ya zamani kuhusu muziki wa Tarime hana budi kukumbuka kwamba Shirati na Wajaluo wake wamo.

Litungu la Wakurya lina nyuzi nane zilizovutwa kutoka kwenye bakuli la mti lililowambwa ngozi hadi kwenye mti wa juu unaoshikiliwa na mikono miwili. Ni ala kubwa, na sauti yake ni nzito, ya chini, yenye kunguruma. Inafanana kwa umbo na nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, ingawa sikio lililozoea haliwezi kuchanganya nyatiti na litungu. Jina lenyewe linastahili kuangaliwa. Kwa Kikurya ala hii ni iritungu, ambapo iri- ni kiambishi cha ngeli ya 5. Kwa Kibukusu cha magharibi mwa Kenya, litungu ni ala ya jamii hiyo hiyo, ila kwa kawaida ina nyuzi saba. Umbo lililozoeleka katika Kiswahili, litungu, liko karibu zaidi na lile la Kibukusu kuliko la Kikurya, hata pale mzungumzaji anapomaanisha ala ya Tarime yenye nyuzi nane. Aliyeandika "litungu" kwenye kadi ya makumbusho hajasema, kwa neno hilo pekee, ala imetoka wapi. Jina lililobandikwa juu ya kitu linaweza kuwa na safari yake, tofauti na safari ya kitu chenyewe, na jambo hili litajitokeza tena katika sehemu ya 4.0, safari hiyo kwa karatasi na gundi.

Gitaa lilipofika katika ukanda huu lilikuta masikio yaliyokwisha kuzoezwa na ala hizo. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz na mmoja wa magwiji wa mtindo wa benga, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanganyika, akafanya kazi yake kubwa nchini Kenya hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. Upigaji wa magitaa ya benga mara nyingi huelezwa kuwa umerithi mbinu za nyatiti. Musoma nayo ilikuwa na Mara Jazz, moja ya bendi zilizowakilisha mikoa katika enzi ambayo Morogoro, Tabora, Tanga na Kilwa zilikuwa na majina yao katika muziki wa dansi.

Jambo moja kuhusu bendi za Tanzania lina uzito wa pekee katika mada hii. Katika bendi nyingi, hasa zile za taasisi kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, ala hazikuwa mali ya wanamuziki. Gitaa lilikuwa la ofisi, au la mwenye bendi. Mpigaji alihama, gitaa likabaki. Likapigwa na mwingine, likaharibika, likatengenezwa kwa kilichopatikana. Anayelifungua gitaa la namna hiyo leo hatarajii kukuta hali ya kiwandani. Anatarajia kukuta tabaka za mikono ya watu.

Litungu na gitaa vinatofautiana katika jambo moja la kifizikia linalopaswa kusemwa mapema, kwa kuwa hukosewa. Pikapu ya sumaku haiwezi kunasa sauti ya litungu. Nyuzi zake, ziwe za mishipa ya mnyama kama zamani au za nailoni kama ilivyo kawaida sasa, hazivutwi na sumaku, na kwa pikapu ni kama hazipo. Anayetaka kukuza sauti ya litungu hutumia maikrofoni, au kipande cha fuwele kinachobandikwa mwilini mwa ala na kutoa umeme kinapobanwa na mtikisiko. Kwa hiyo akitokea mtu anauza "pikapu kongwe ya litungu" yenye sumaku na koili, jambo la kwanza la kumuuliza ni kama nyuzi zake zilikuwa za chuma.

3.0 Pikapu inavyofanya kazi

Msingi wa pikapu ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unaobadilika karibu na waya huzalisha umeme katika waya huo. Uzi wa chuma ulio juu ya sumaku hugeuzwa nao kuwa sumaku ndogo. Uzi ukitikisika, uga hubadilika, na katika koili hutokea umeme hafifu unaofuata mtikisiko huo. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya. George Beauchamp alipata hataza ya gitaa la umeme la namna hii mwaka 1937, baada ya magitaa hayo kuwa yamekwisha kuuzwa kwa miaka kadhaa kwa jina la Rickenbacker, na mwaka 1936 Gibson ilitoa ES-150.

Pikapu ya koili moja ina kasoro: hunasa pia mvumo wa nyaya za umeme wa nyumbani. Seth Lover wa Gibson alitatua tatizo hilo kwa kuweka koili mbili zilizounganishwa ili mvumo wa moja ufute wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikibaki. Aliomba hataza mwezi Juni 1955, na aliipata tarehe 28 Julai 1959, namba 2,896,491. Gibson haikungoja. Pikapu za koili mbili zilianza kufungwa kwenye magitaa yake mwaka 1957, zikiwa na kibandiko kidogo cheusi chini chenye maneno ya Kiingereza yanayoarifu kwamba hataza imeombwa. Wakusanyaji huziita kwa herufi tatu za mwanzo za maneno hayo, PAF.

4.0 Kibandiko, waya na risasi ya kulehemu

Ushahidi ulio rahisi kusomwa ndio ulio rahisi kughushiwa. Kibandiko cha PAF kinaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye printa nzuri, na kwa sababu hiyo hakithibitishi kitu kikiwa peke yake. Kisa cha kibandiko kilichofuata kinafundisha zaidi. Kuanzia takriban mwaka 1962 Gibson ilibadili maneno hayo na kuweka namba ya hataza. Namba iliyowekwa, hata hivyo, ni 2,737,842, na hiyo si hataza ya pikapu hata kidogo: ni hataza ya kifaa cha kushikia nyuzi kilichobuniwa na mpiga gitaa Les Paul. Ikiwa lilikuwa kosa au hila ya kuwapoteza washindani, watu wamebishana kwa muda mrefu. La muhimu kwa mtambuzi ni kwamba pikapu halisi ya mwaka 1963 hubeba maelezo yasiyo sahihi. Mtambuzi anayedhani kwamba kitu halisi lazima kiseme kweli kuhusu nafsi yake ataikataa pikapu halisi, na huenda akaikubali ya kughushi iliyosahihishwa na mghushi mwenye elimu.

Baada ya kibandiko mtambuzi hutazama maumbo. Kila kalibu ya kiwandani huacha alama zake. Katika bobini za plastiki za Gibson za miaka hiyo, juu kuna duara lenye umbo la mraba ndani yake, na miguu ya bamba la chini ina mikwaruzo midogo yenye umbo la herufi L iliyoachwa na mashine. Kwa kawaida bobini hizo zilikuwa nyeusi, lakini baadhi ya zile za mwaka 1959 na 1960 ni za rangi ya krimu, moja au zote mbili. Soko limezipenda mno zenye krimu, na hapo ndipo linapoanza kujidhuru. Rangi hiyo haionekani mpaka kifuniko cha chuma kiondolewe, na kifuniko kimeshikiliwa kwa matone mawili ya risasi ya kulehemu pembeni. Matone ambayo hayajaguswa tangu kiwandani ni miongoni mwa ushahidi bora kabisa uliopo, kwani yanaonyesha kwamba kilichomo ndani hakijafikiwa na mtu. Ili kuhakikisha kwamba pikapu ni ya thamani zaidi, mwenye nayo huyeyusha matone hayo, na tangu dakika hiyo hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika kwamba ndani hamkubadilishwa kitu. Magitaa mengi yamepotezewa ushahidi wake kwa udadisi wa namna hii.

Kipimo kinachopendwa na mafundi ni ukinzani wa koili, kwa sababu kila fundi redio ana mita. Pikapu za PAF kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 7 na 9, na zile za Stratocaster, gitaa lililotolewa na Fender mwaka 1954, hukaribia kilo-omu 6. Kipimo hiki kina manufaa, lakini kinaheshimiwa kupita kiasi. Mashine za wakati huo hazikuhesabu mizunguko kwa usahihi, kwa hiyo pikapu mbili zilizotengenezwa siku moja zinaweza kutofautiana. Aidha, ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu inayosoma kilo-omu 7.50 katika nyuzi joto 20, asubuhi ya kawaida katika nyanda za juu za Tarime, itasoma takriban 7.79 katika nyuzi joto 30. Fundi wa nyanda za juu na fundi wa Dar es Salaam wanaweza kubishana kwa simu kuhusu pikapu moja na wote wakawa sahihi. Kiwango kisichoandikwa pamoja na joto la chumba ni nusu ya kipimo.

Waya wenyewe husema zaidi ya mita. Unene wake ni takriban milimita 0.06, sawa na unywele. Katika PAF umepakwa utando wa kuhami wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, inayokaribia zambarau. Nyaya nyingi za kisasa za aina hii zina utando wa poliurethani, unaoyeyuka wenyewe ukiguswa na chuma cha kulehemu. Utando wa zamani hauyeyuki hivyo, na ilibidi ukwanguliwe kwanza. Kwa hiyo mahali ncha ya koili inapoungana na waya wa kutokea nje pana habari ya mkono uliofanya kazi. Fender ilitumia utando wa aina nyingine, wenye rangi angavu zaidi, hadi katikati ya miaka ya 1960, ilipohamia kwenye ule wa hudhurungi. Karibu na wakati huo huo bamba la chini la pikapu zake lilitoka kwenye weusi kuwa kijivu. Mwezi Januari 1965 kampuni hiyo iliuzwa kwa CBS. Wakusanyaji huutumia mwaka huo kama mpaka wa ubora. Mpaka huo ni wa mkataba wa mauzo: vipuri vilivyokuwa stoo siku ya mkataba viliendelea kutumika.

Mwisho kuna vitu vilivyo jirani na pikapu. Vifaa vya kurekebishia sauti ndani ya gitaa la Kimarekani mara nyingi vina namba iliyogongwa. Namba 1376632, kwa mfano, husomwa hivi: 137 ni mtengenezaji, yaani CTS, 66 ni mwaka 1966, 32 ni wiki ya 32 ya mwaka huo. Namba hiyo inathibitisha jambo moja dogo, kwamba kifaa hicho hakikuwepo kabla ya Agosti 1966. Haisemi kitu kuhusu umri wa pikapu iliyounganishwa nacho, isipokuwa pale risasi ya maungio yote inapokuwa ya kiwandani. Wala si kila gitaa kongwe ni la Marekani. Höfner na Framus za Ujerumani, Teisco na Guyatone za Japani, zote zilikuwa na pikapu zenye maumbo yake, na mtambuzi anayejua Gibson na Fender tu ataziita "za kienyeji" kwa kuwa hazimo katika vitabu vyake.

5.0 Maswali matatu katika neno moja

Sasa turudi kwenye sentensi (1). Mtu anaposema pikapu ni orijino, anaweza kuwa anajibu swali lolote kati ya matatu. La kwanza: je, imetengenezwa na kampuni ambayo jina lake limetajwa? La pili: je, imetengenezwa katika miaka inayodaiwa? La tatu: je, ndiyo iliyofungwa katika gitaa hili lilipotoka kiwandani? Majibu hayategemeani. Pikapu ya Gibson ya mwaka 1960 iliyohamishiwa kwenye gitaa la Kijapani inajibu ndiyo kwa mawili ya kwanza na hapana kwa la tatu. Pikapu mpya ya Gibson, iliyotolewa na kampuni yenyewe kama nakala ya zile za zamani, inajibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili. Pikapu ya Teisco ya miaka ya 1960 iliyo ndani ya gitaa lake inajibu ndiyo kwa yote, ingawa sokoni itaitwa feki kwa sababu tu jina lake si kubwa.

Kiswahili kinayo maneno ya kutenganisha maswali hayo, na hakuna haja ya kuunda istilahi mpya. Neno halisi linafaa kwa swali la kwanza. Neno kongwe linafaa kwa la pili, kwa kuwa linahusu umri bila kudai mtengenezaji. Neno asilia, linalobeba dhana ya asili ya kitu, linafaa kwa la tatu: asilia kwa gitaa fulani. Hivyo basi:

(2) Pikapu hii ni halisi na kongwe, lakini si asilia kwa gitaa hili.

Sentensi hiyo inaeleweka kwa mkulima wa Nyamongo na kwa mwanafunzi wa isimu. Kikiwekwa kisawe kimoja, orijino, mahali pa maneno yote matatu, sentensi inajipinga.

Upande wa kinyume nao unahitaji uangalifu. Bandia na ghushi hutumiwa kama visawe, lakini tabia zake katika lugha ni tofauti. Bandia husifu kitu: meno bandia hayamdanganyi mtu, na anayeyavaa hajifichi. Ghushi ni kitenzi, na kitenzi kina mtenda na nia. Nakala nzuri ya PAF inayouzwa na mtengenezaji wake kwa jina lake mwenyewe ni bandia, wala haijaghushiwa. Mnunuzi wa pili akiiuza kama ya mwaka 1959, udanganyifu umetokea bila skrubu hata moja kuguswa. Kilichobadilika ni usemi. Kwa mintarafu hiyo, kughushi katika biashara hii mara nyingi hakufanyiki kwenye kitu, bali kwenye sentensi inayokiuza, na mwanaisimu ana nafasi pale ambapo mita haina la kusema.

Linabaki suala la pikapu iliyotengenezwa upya. Waya mwembamba hukatika, na pikapu iliyokatika haitoi sauti. Wafundi wanaosuka mota za umeme wanaweza kusuka koili ya pikapu pia, wakipata waya unaofaa kutoka kwenye rilei au transfoma ndogo. Waya mnene zaidi ukitumika, mizunguko inayoenea kwenye bobini hupungua, na mita husoma chini sana. Katika soko la wakusanyaji pikapu iliyosukwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Litungu linalipinga soko hilo. Ngozi ya litungu hukauka na kupasuka, nyuzi zake hukatika, na ala iliyopigwa kwa miaka mingi haina budi kuwambwa upya na kutiwa nyuzi mpya. Kama uasilia ungekuwa ni kutoguswa, litungu asilia lingekuwa lile tu ambalo halikupigwa. Anayeandika historia ya muziki wa Mara ana sababu ya kuichukulia koili iliyosukwa na fundi wa hapa kama ushahidi mwingine, wa namna gitaa lilivyoendelea kusikika wakati vipuri havikupatikana. Mnunuzi naye ana haki ya kuambiwa kwamba imesukwa. Mambo hayo mawili hayagombani, mradi yaandikwe.

6.0 Vitenzi vya mtambuzi

Namna ya kuyaandika ndiyo inayobaki, na hapa Kiswahili kina uwezo ambao haujatumika ipasavyo katika maelezo ya ala. Linganisha:

(3) a. Koili imekatika.
    b. Koili imekatwa.

(4) a. Kibandiko kimebanduka.
    b. Kibandiko kimebanduliwa.

Katika (3a) na (4a) kauli ya kutendeka hueleza hali tu, bila kudai kwamba kuna aliyesababisha. Katika (3b) na (4b) kauli ya kutendwa humwingiza mtenda, hata kama hakutajwa. Mtambuzi aliyekuta pikapu bila kibandiko ameona hali, hakuona mkono. Akiandika "kimebanduliwa" ametoa shutuma asiyoweza kuithibitisha. Kwa upande mwingine, akikuta matone ya risasi yaliyoyeyushwa na kumwagwa upya kwa risasi ya rangi tofauti, kuandika "yamefunguka" kutakuwa kuficha, kwani risasi ya kulehemu haijifungui ikiwa ndani ya gitaa. Hapo kauli ya kutendwa ndiyo ya haki.

Sehemu ya pili ya sentensi (1) ina kosa la aina nyingine. "Haijawahi kuguswa" ni ukanushi unaofunika wakati wote uliopita, tangu kiwandani hadi leo. Hakuna mtu mwenye ujuzi wa kuubeba ukanushi huo, isipokuwa labda aliyelinunua gitaa likiwa jipya na kulala nalo. Anachoweza kusema mtambuzi ni "hakuna dalili inayoonekana ya kuguswa", kisha ataje alipotazama. Vivyo hivyo, "ni ya mwaka 1961" ni dai zito kuliko "inalingana na za mwaka 1961", na hilo ni zito kuliko "haipingani na kuwa ya mwaka 1961". Ngazi hizo tatu hutofautiana kama shahidi aliyeona, aliyekuta nyayo, na ambaye hana cha kupinga. Baraza lolote la wazee lingeziuliza moja moja.

Chukulia basi kwamba gitaa la umeme lenye pikapu mbili za koili mbili limeletwa kutoka nyumba moja ya Mugumu, na mwenye nalo anataka kujua alichonacho kabla ya kumjibu mnunuzi anayemngoja Sirari. Maelezo yanaweza kuandikwa hivi:

(5) Pikapu ya shingoni: alama za kalibu juu ya bobini na miguu ya bamba la chini zinalingana na za Gibson za takriban 1957 hadi 1962. Kibandiko hakipo, sababu haijulikani. Matone ya risasi ya kifuniko hayana dalili inayoonekana ya kuyeyushwa upya. Kifuniko hakikufunguliwa kwa uchunguzi huu. Ukinzani kilo-omu 7.62, joto la chumba nyuzi 23. Pikapu ya daraja: bamba na bobini zinalingana na za ya kwanza. Kifuniko hakipo. Koili moja imesukwa upya kwa waya mnene zaidi. Ukinzani wa pikapu nzima kilo-omu 5.10, joto hilo hilo. Halisi na kongwe kwa bamba na bobini. Koili moja si ya kiwandani. Uasilia wa pikapu zote mbili kwa gitaa hili haukuthibitika, kwa kuwa maungio ya risasi kwenye vifaa vya sauti yamefanywa upya. Jina la fundi aliyesuka, mahali na mwaka: mwenye gitaa aulizwe, na jibu lake liandikwe hapa kwa maneno yake mwenyewe.